Uso Wako na Kamera Zao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Utambuzi wa Sura

Getini kwenye ofisi, kwenye mkopo wa simu, uwanja wa ndege, hata mlangoni mwa darasa: siku hizi unaambiwa uiangalie kamera. Wengi huangalia tu kwa sababu foleni ni ndefu na aliye nyuma anasukuma. Majibu haya ni ya mtu anayetaka kujua, kabla hajainua uso, ni nani anauchukua, anaupeleka wapi, na sheria inampa nani nguvu ya kukataa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Uso ni wa mwenyewe, na anayeutaka ndiye anayepaswa kueleza sababu. Asiyetaka kuutoa hana deni la maelezo kwa mtu.

Kompyuta inautambuaje uso wa mtu?

Kwanza programu inatafuta kama kuna uso kwenye picha. Ikiupata inauweka sawa, inausoma, halafu inaugeuza kuwa mfululizo wa namba, mara nyingi mamia, zinazobeba yale yanayoutofautisha uso huo na nyuso nyingine. Mfululizo huo huitwa kiolezo. Picha yenyewe inaweza hata kufutwa, kiolezo kikabaki kinafanya kazi yake. Kesho ukipita mbele ya kamera nyingine, uso wako unageuzwa namba tena, na programu inapima namba za leo na za jana zimekaribiana kiasi gani.

Hapa ndipo wengi hawaambiwi ukweli. Programu haisemi "huyu ni Juma". Inatoa alama za kufanana, na kuna mtu aliyekaa ofisini akaamua kwamba alama zikifika kiwango fulani, basi ihesabiwe kuwa ni Juma. Kiwango kikishushwa, wasio Juma wataitwa Juma. Kikipandishwa, Juma mwenyewe atakataliwa mlangoni. Uamuzi huo ni wa binadamu, una athari kwa watu, na karibu hakuna taasisi inayoutangaza.

Kuna tofauti nyingine ya kushika. Kuthibitisha ni kulinganisha uso mmoja na kiolezo kimoja: je, huyu ni yule anayedai kuwa? Kusaka ni kulinganisha uso mmoja na maelfu au mamilioni yaliyohifadhiwa: huyu ni nani? Kazi ya kwanza unaweza kuiomba mwenyewe. Ya pili hufanywa juu yako, mara nyingi bila wewe kujua, na ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya hatari ninazozieleza hapa.

Kufungua simu yangu kwa uso ni hatari?

Kwa kawaida hapana. Kwenye iPhone, kwa mfano, kiolezo kinakaa ndani ya simu yenyewe, hakipelekwi kwa kampuni. Apple wenyewe wanakiri kwamba mapacha wanaofanana na watoto chini ya miaka 13 wanaweza kuichanganya, kwa hiyo weka pia namba ya siri nzuri. Wasiwasi uanze pale uso unapotoka kwenye simu yako na kwenda kukaa kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Mbona programu za mikopo na benki zinataka selfi?

Zinataka kuhakikisha kwamba mwenye kitambulisho ndiye aliyeshika simu. Unaambiwa ushike kitambulisho, ugeuze shingo kushoto, kulia, upepese macho. Kupepesa huko kunakusudiwa kuzuia mtu asiweke picha yako iliyochapishwa mbele ya kamera akakopa kwa jina lako. Sababu hiyo ni halali, na imewaokoa watu.

Lakini selfi hiyo inakwenda mahali. Mara nyingi kampuni ya mkopo haina teknolojia hiyo. Imekodi huduma ya kampuni nyingine, pengine iliyo nchi nyingine kabisa. Soma sera yao ya faragha utafute mambo matatu: nani anapokea picha, inakaa muda gani, na ukifunga akaunti inafutwa au la. Sera isiyojibu lolote kati ya hayo haijaandikwa kwa ajili yako. Na programu inayotaka selfi pamoja na orodha nzima ya majina ya simu yako, mimi ningeifuta.

Ni kweli mashine hizi hukosea zaidi kwa watu weusi?

Ndiyo, na kuna vipimo. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizijaribu programu za IBM, Microsoft na Face++ kwenye kazi nyepesi kuliko kutambua mtu: kutaja tu kama uso ni wa mwanamke au wa mwanamume. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika hadi asilimia 34.7.

Desemba 2019, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ikatoa matokeo ya programu 189 kutoka kwa watengenezaji 99. Sehemu ya ripoti ile inayotuhusu sisi moja kwa moja haitajwi sana: kosa la kumfananisha mtu na mtu mwingine asiyehusika lilikuwa juu zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki, na chini zaidi kwa watu wa Ulaya Mashariki. Kwa programu nyingi tofauti ilikuwa ya mara 10 mpaka mara 100. Baadhi ya programu za China zilifanya vizuri kwa nyuso za Asia Mashariki, jambo linaloonyesha chanzo kilipo: mashine hujifunza kutokana na picha ilizolishwa. Iliyolelewa kwa nyuso za watu wengine, ikiletwa Mbagala au Kisumu, inakuwa mgeni anayesema "nyinyi nyote mnafanana".

Programu bora za leo zimepunguza pengo hilo. Sawa, ila swali la kuuliza ni lile ambalo muuzaji halipendi: programu hii mliyoinunua nyinyi, toleo hili, imepimwa kwa watu wa hapa, na nani, na matokeo yako wapi?

Tena piga hesabu. Tuseme mashine inamkosea mtu mmoja tu kati ya 1,000, na stendi ya mabasi inapitisha watu 40,000 kwa siku. Hao ni watu 40 wasio na hatia wanaosimamishwa kila siku ya Mungu.

Kosa la mashine linaweza kumfikisha mtu wapi?

Rumande. Kesi inayojulikana zaidi ni ya Robert Williams, Mmarekani mweusi wa eneo la Detroit. Januari 2020 polisi walimkamata nje ya nyumba yake, mke na watoto wake wawili wa kike wakiangalia. Alikaa mahabusu karibu saa 30.

Fuatilia mnyororo wa kosa lenyewe, maana kila pingili lina mkono wa binadamu. Saa zilikuwa zimeibwa dukani mwaka 2018. Picha ya kamera ya duka ilikuwa hafifu. Iliingizwa kwenye mashine, mashine ikatoa picha ya zamani ya leseni ya udereva ya Williams kama mojawapo ya wanaofanana. Polisi wakaweka picha hiyo kwenye kundi la picha sita, wakamwonyesha mlinzi ambaye siku ya wizi hakuwepo dukani. Yeye alikuwa ameona video ile ile tu. Akamchagua Williams. Tayari: "shahidi" amepatikana. Kwenye chumba cha mahojiano Williams aliinua ile picha ya mwizi akaiweka kando ya uso wake mwenyewe, na kila mtu chumbani akaona kwamba ni watu wawili tofauti. Hata hivyo hakuachiliwa papo hapo.

Williams hakuwa peke yake. Mwaka 2023, mji huo huo, Porcha Woodruff alikamatwa kwa njia inayofanana akiwa na ujauzito wa miezi minane. Juni 2024 Detroit ilimlipa Williams dola 300,000 na kukubali masharti: polisi hawaruhusiwi kumkamata mtu kwa jibu la mashine pekee, wala kwa gwaride la picha lililotokana moja kwa moja na jibu hilo. Masharti hayo ningependa kuyaona yameandikwa kwenye kanuni za polisi wa nchi zetu kabla ya, na si baada ya, mtu wa kwanza kulala ndani kwa kosa kama hilo.

Mimi sina cha kuficha. Kwa nini nijali?

Swali hili huulizwa na watu wema, nami nalijibu kwa heshima. Faragha haikutungwa kwa ajili ya wenye makosa. Unafunga mlango wa bafu ingawa kila mtu anajua unachofanya humo.

Kinachobadilika ni hiki. Zamani polisi akitaka kujua ulipokwenda Jumanne, alihitaji kumtuma mtu akufuate. Ilikuwa kazi na gharama, kwa hiyo ilifanywa kwa wachache waliotiliwa shaka. Kamera zenye kutambua sura zinafanya hivyo kwa kila mtu, kwa pamoja, na kurudi nyuma: rekodi ya mwezi uliopita inaweza kuulizwa leo ni akina nani walikuwa kwenye mkutano, msikitini, kliniki ya UKIMWI, au nyumbani kwa mwandishi wa habari.

Mwaka 2019 Nikolay Glukhin alipanda treni ya chini ya ardhi Moscow akiwa na kadibodi yenye sura ya mwanaharakati, peke yake, bila kumsumbua mtu. Alitafutwa, akakamatwa kituoni siku chache baadaye, na kutozwa faini. Julai 2023 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema matumizi ya utambuzi wa sura dhidi yake yalivunja haki ya faragha na ya kujieleza. Karibu na kwetu, Uganda ilinunua mfumo wa kamera wa Huawei kwa dola milioni 126, na baada ya maandamano ya Novemba 2020 polisi wenyewe walisema waliutumia kuwasaka washukiwa. Leo huenda unaipenda serikali iliyopo. Kamera zitabaki hata ikija usiyoipenda.

Na jambo la mwisho kwenye swali hili: nywila ikiibwa unabadilisha, kadi ya benki ikiibwa unafunga. Kiolezo cha uso kikivuja, hakuna ofisi inayotoa uso mwingine.

Sheria ya Kenya inasema nini?

Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha. Juu yake kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayosimamiwa na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria hiyo inaiweka data ya bayometriki katika kundi la data nyeti. Tafsiri yake inataja damu, alama za vidole, DNA, umbo la ndewe la sikio, jicho na sauti. Uso haukutajwa kwa jina! Wapo wanaoshika hapo kutaka kukwepa. Lakini orodha hiyo inaanza na neno "pamoja na", na msingi wake ni data yoyote inayotokana na kuchakata kitaalamu sifa za mwili. Kiolezo cha uso kimo ndani kabisa.

Maana yake kwako: anayechukua uso wako lazima akuambie kusudi, asikusanye kuliko anachohitaji, asikigeuze kwa kazi nyingine, na pale mradi wenyewe unapoweza kuwa hatari kubwa kwa haki za watu, afanye tathmini ya athari kabla ya kuanza. Una haki ya kujulishwa, kuona data yako, kupinga, kusahihishiwa na kufutiwa. Una pia haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake.

Adhabu ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo. Kwa kampuni kubwa hizo ni fedha za chai, na Bunge lingefanya vema kulitazama tena.

Na Tanzania?

Ibara ya 16 ya Katiba ya 1977 inatambua haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na msimamizi wake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taarifa za bayometriki ni taarifa binafsi nyeti, na kanuni ya msingi ni kwamba haziguswi bila ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa na sheria. Maandishi. Kutikisa kichwa mbele ya mlinzi hakutoshi. Sheria inatumika pia Zanzibar, ila si kwa mambo yasiyo ya Muungano.

Nchi nyingine jirani?

Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Rwanda ina sheria yake ya Oktoba 2021. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliweka sura ya data binafsi katika kanuni zake za masuala ya kidijitali za mwaka 2023. Kwa maneno mengine, anayekwambia "hapa kwetu hakuna sheria" ama hajui ama hataki ujue.

Nikipewa pesa nikakubali kupigwa picha, si nimekubali?

Kenya imeshalijibu swali hili mahakamani. Julai 2023 mradi wa Worldcoin, ambao Sam Altman, mkuu wa kampuni ya akili bandia ya OpenAI, ni mmoja wa waanzilishi wake, ulizinduliwa rasmi, na Nairobi ikawa miongoni mwa vituo vyake vikubwa. Watu walipanga foleni nje ya KICC, jumba la mikutano la katikati ya jiji. Unasogea mbele ya mpira wa chuma unaong'aa, unatazama, unapigwa picha za mboni na za uso, halafu unaingiziwa kwenye simu sarafu za kidijitali 25, zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Ukiwauliza waliopanga foleni walikuja kwa ajili gani, walisema pesa. Unga ulikuwa ghali, kodi ya nyumba haingoji. Siwalaumu hata kidogo.

Agosti 2, 2023 serikali ilisimamisha shughuli hiyo, ikiwa imeshasajili zaidi ya Wakenya 350,000. Kisha Mei 5, 2025 Mahakama Kuu, Jaji Roselyne Aburili, ikaamua katika kesi iliyoletwa na shirika la Katiba Institute na wenzake: ukusanyaji ulifanywa bila tathmini ya athari inayotakiwa, na ridhaa iliyovutwa kwa malipo haikuwa ridhaa halali. Kampuni ikaamriwa ifute data hiyo ndani ya siku 7, Kamishna akisimamia.

Kwangu mimi huu ni mmoja wa uamuzi muhimu zaidi kutoka mahakama za Afrika kuhusu mwili wa mtu na data. Umesema wazi kwamba umaskini wa mtu haumfanyi awe ameuza haki yake. Mtu akiahidiwa pesa, bando au kikapu cha chakula ili atoe uso, swali la kwanza liwe: angeutoa kama angekuwa ameshiba?

Serikali inaweza kuweka kamera za kutambua sura barabarani bila kuniuliza?

Kuweka kamera za kawaida, ndiyo, na zipo. Baada ya shambulio la Westgate la 2013, Kenya iliingia mkataba na Safaricom mwaka 2014 wa mfumo wa usalama uliohusisha kamera 1,800 Nairobi na Mombasa. Sheria zetu za data zina misamaha kwa ajili ya usalama wa taifa, na hapo ndipo mlango mpana ulipo.

Hata hivyo msamaha si ruhusa ya kufanya lolote. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Kenya iliona kwamba utoaji wa kadi za Huduma Namba, kitambulisho cha kidijitali cha taifa, ulikosea kwa kuanza bila tathmini ya athari kwa data, ingawa ulikuwa mradi wa serikali yenyewe. Uingereza, Ed Bridges alikuwa akipita madukani Cardiff mwaka 2017 gari la polisi lenye kamera likamsoma uso. Akashtaki. Agosti 2020 Mahakama ya Rufaa ilimpa ushindi: kanuni ziliwaachia polisi uhuru mno wa kuamua ni nani awekwe kwenye orodha ya wanaosakwa na kamera ziwekwe wapi, na hawakufanya vya kutosha kuhakikisha kwamba programu haibagui kwa rangi au jinsia. Umoja wa Ulaya umekwenda mbele zaidi. Tangu Februari 2, 2025 polisi hawaruhusiwi kuwasaka watu kwa sura papo kwa papo hadharani, isipokuwa kwa mambo machache kama kumtafuta aliyetekwa, kuzuia shambulio la kigaidi au kumsaka mshukiwa wa uhalifu mkubwa, tena kwa kibali.

Hayo mawili, orodha ya nani na kamera wapi, ndiyo maswali ya kumpelekea diwani au mbunge wako kamera zinapotangazwa. Usiulize zina gharama gani tu.

Picha zangu za Facebook na Instagram zinaweza kutumiwa?

Zimeshatumiwa, za watu wengi sana. Kampuni ya Marekani ya Clearview AI ilizoa picha kutoka intaneti bila kumwomba mtu, ikajenga hifadhidata ya zaidi ya picha bilioni 30, na kuwauzia polisi huduma ya kusaka. Italia, Ugiriki na Ufaransa kila moja iliipiga faini ya yuro milioni 20 mwaka 2022. Uholanzi yuro milioni 30.5 mwaka 2024. Uzoaji wa aina hiyo sasa umepigwa marufuku na sheria ya akili bandia ya Umoja wa Ulaya.

Facebook yenyewe ilikuwa ikitambua sura kwenye picha ulizoweka. Ilikubali kulipa dola milioni 650 kumaliza kesi ya jimbo la Illinois, lenye sheria ya bayometriki tangu 2008, na Novemba 2021 ikatangaza kufuta violezo vya zaidi ya watu bilioni moja. Mwaka 2024 Meta, kampuni inayoimiliki Facebook, ilikubali kulipa jimbo la Texas dola bilioni 1.4 kwa suala hilo hilo. Msomaji uliye Chicago, Illinois, au Houston, Texas, sheria hizo zinakulinda na wewe.

Cha kufanya: funga akaunti zionwe na marafiki tu, na kabla ya kuweka picha ya mtoto wa mwenzako, muulize mzazi.

Shule inataka kuandika mahudhurio kwa uso wa mtoto. Nikubali?

Ningekataa. Mwaka 2019 shule moja ya mji wa Skellefteå, Sweden, iliujaribu mfumo kama huo kwa wanafunzi 22 kwa wiki tatu. Wazazi walikuwa wamekubali. Mamlaka ya data bado iliitoza manispaa yenye shule hiyo faini ya krona 200,000, ikisema mwanafunzi yuko chini ya shule na ridhaa yake haiwezi kuwa huru, na kwamba kuita majina kunatosha. Kenya, mwaka 2023, Kamishna aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na hizo zilikuwa picha za kawaida tu, bila kiolezo chochote. Mwalimu mwenye daftari na kalamu anajua nani hayupo.

Mwajiri ameleta mashine ya kusaini kazini kwa uso.

Hoja ni ile ile: anayeogopa kufukuzwa hakubali kwa hiari. Februari 2024 mdhibiti wa data wa Uingereza aliiamuru kampuni ya Serco Leisure iache kutumia nyuso na vidole kuhesabu mahudhurio ya wafanyakazi zaidi ya 2,000, kwa kuwa kadi au daftari lingefanya kazi hiyo. Omba njia mbadala kwa maandishi, na mkiwa na chama cha wafanyakazi, ombeni pamoja. Sauti ya mtu mmoja ni rahisi kuitafutia kosa.

Nikisafiri je?

Mpakani huna uhuru mwingi. Umoja wa Ulaya ulianza Oktoba 12, 2025 kuchukua picha ya uso na alama za vidole vinne za wageni wasio raia wake. Viwanja vya ndege vya Dubai vina mageti yanayosoma uso. Kwenye ukaguzi wa usalama wa viwanja vya ndani vya Marekani, wale wa TSA, unaweza kukataa kamera na ukaomba ukaguliwe kwa kitambulisho. Sema kwa upole, na usiondoke kwenye foleni.

Barakoa, miwani au mtandio vinasaidia?

Kidogo. Programu za kabla ya Uviko zilipotea sana mbele ya barakoa. Zilizofuata zimejifunza kusoma macho na paji la uso.

Nikiamini uso wangu umechukuliwa vibaya, naanzia wapi?

Anza kwa kuandika kwa aliyeuchukua. Barua fupi inatosha, au baruapepe. Unaweza kunakili hii:

"Tarehe … nilipigwa picha ya uso kwenye lango la jengo lenu. Naomba mnijibu kwa maandishi: Je, mnahifadhi picha yangu au kiolezo cha uso wangu? Kwa kusudi gani, na kwa msingi upi wa kisheria? Mmempa nani mwingine? Mtavihifadhi hadi lini? Kama hamna sababu halali ya kuendelea kuvihifadhi, naomba mvifute na mnithibitishie kwamba vimefutwa."

Usiwape zaidi ya wanachohitaji ili wakujue. Wakikwambia uwatumie selfi mpya "kwa uthibitisho", kataa, uwaombe njia nyingine.

Wasipojibu, au wakijibu ovyo, peleka malalamiko. Kenya unakwenda kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Unaweza kulalamika kwa maandishi au kwa mdomo, na sheria inataka uchunguzi umalizike ndani ya siku 90. Tanzania unakwenda kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Eleza tukio kwa tarehe, mahali na jina la taasisi, uambatanishe barua yako na picha ya tangazo lililokuwa ukutani, au ueleze kwamba hapakuwa na tangazo lolote. Kama umepata hasara, kwa mfano umekosa kazi au umelala kituoni, itaje na uombe fidia, kwa sababu sheria zote mbili zinaruhusu. Ukiwa umekamatwa kwa sababu ya kamera, mwambie wakili wako mapema aulize: jibu la mashine lilikuwa na alama ngapi, ni watu wangapi wengine waliotolewa kwenye orodha hiyo, na kuna ushahidi gani mwingine usiotokana na mashine hiyo.